Ushuhuda wa Kinini

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi yangu inataka subira. Homoni hazionekani, mwili hujitengenezea kimyakimya, na zikipungua mtu huanza kuharibika polepole. Niliporudi Bunia na shahada yangu baada ya vita, watu walikuwa wamerejea majumbani lakini bado wakilala na mabegi yamefungwa. Mama yangu mzazi aliwaeleza majirani kwamba natibu shingo. Sikumpinga, kwa sababu wengi walionijia walikuwa na goita.

Mmoja alikuwa mama kutoka Shari aliyeuza maharagwe yaliyolimwa Marabo. Uvimbe wa shingo ulikuwa umeanza kumbana pumzi, na mwenzangu wa upasuaji akautoa pamoja na tezi yote. Nilipomkuta kitandani anapumua vizuri, furaha ilinizidi. "Mama, goita imeisha," nikamwambia. Kisha nikampa kinini, yaani vidonge vya homoni, kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Akaitikia.

Sasa, kanisani kwake, aliyeombewa akapona husimama mbele ya wote na kushuhudia. Na aliyekwisha kushuhudia haonekani tena na dawa ya ugonjwa ule, maana huko ni kumfanya Mungu mwongo.

Miezi ikapita bila kumwona. Nikamkuta sokoni, jua kali la mchana, amevaa sweta mbili. Uso umevimba, sauti imekuwa nzito, na alisinzia akinipimia maharagwe.

"Mama, weye unameza kinini?"

"Hapana, docteur. Nilishashuhudia."

"Nani alikuambia uache?"

"Weye njo ulisema imeisha," akanijibu bila ukali. "Sasa nitameza dawa ya ugonjwa yenye haiko?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema vibaya kanisa lake. Nikaufunga. Ulimi hauna mfupa, na huu ulikuwa wangu. Bila kinini angekufa taratibu, huku akimshukuru Mungu na mimi.

Nilimsihi ameze siku ileile. Akakataa, hatameza kwa kujificha kama mwizi. Basi Jumapili nikaenda kanisani kwake kuomba nafasi ya kushuhudia. Niliogopa kuliko siku za risasi. Niliwaambia kosa ni langu: uvimbe umeisha kweli, lakini ndani ya shingo ile palikuwa na jiko la mwili mzima, nasi tumeliondoa. Kinini si dawa ya goita tena, ni chakula ambacho jiko lile lilikuwa likipika. Pasta, mzee wa maneno machache, akammiminia yule mama maji katika glasi yake mwenyewe. Akameza mbele ya wote.

Ilimchukua miezi kurudi alivyokuwa, lakini alirudi. Mpaka leo nikimsikia anagombana na wateja moyo wangu unajaa shukrani. Yeye ndiye aliyenifundisha kusema na mgonjwa mpaka mwisho.

Jumapili ile, nilipotoka, pasta alinifuata hadi nyuma ya kanisa, akaangalia huku na huku.

"Docteur, na miye nilishuhudia. Ugonjwa ya sukari. Toka ile siku sijameza dawa. Sasa nikikanyaga chini, miguu haisikie kitu."

Nikamshika mkono. Alikuwa bado anatembea, hatujachelewa, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.