Bingwa wa Kadi Zilizokatwa

Kwa kutazama video mbili tatu tu, nikawa bingwa wa kutambua kadi za kale zenye picha za wachezaji wa hoki, zilizochezewa kwa kukatwa kingo ili zionekane mpya. Jumamosi, kwenye maonyesho ya kadi huku Scarborough, Kanada, nikaiweka kadi yangu mezani kwa muuzaji mmoja mzee, nikailinganisha na yake ya aina ileile. Hazikulingana urefu. Kwa akili zangu nyingi, nikamfokea kwa Kiingereza, ukumbi mzima usikie: "Hii yako imekatwa kingo!"

"Kadi ikikatwa," akaniuliza kwa upole, naye kwa Kiingereza, "inarefuka?"

Fupi ilikuwa yangu. Mke wangu akanisogelea, akaninong'oneza kwa Kiswahili ili aibu ibaki ya familia: "Baba Neema, si niliipunguza kwa mkasi ipate kuingia kwenye fremu?"

Muuzaji akanirudishia kadi yangu kwa mikono miwili.

"Pole sana, Baba Neema," akasema, kwa Kiswahili safi cha Tanga.