Aliyefika Barcelona ni Esteri

Ukiingia Kibondo kwa barabara ya Kasulu, maandishi ya kwanza utakayosoma ni ya mkono wa Tunu. Saluni, bucha, duka la pembejeo, fundi cherehani. Yule mwanamke mwenye nywele za mkeka, yule ng'ombe anayetabasamu kana kwamba hajui amechorwa kwenye mlango wa nani. Watu humwita Fundi Tunu. Ni binti wa marehemu mzee Mudathiri, aliyekuja kutoka Ujiji na marobota mawili ya kanga akafungua duka sokoni. Ana miaka thelathini na sita, mfupi, mkimya, na ukucha wa kidole gumba una doa la rangi ya mafuta ambalo hata tina ya kuyeyushia rangi imeshindwa kulitoa.

Tunu anajua jambo moja ambalo pengine hakuna mwingine wilayani anayelijua kama yeye. Anawajua wachoraji wa Hispania.

Alipokuwa kidato cha tatu, mwalimu mmoja wa kujitolea aliondoka akamwachia kitabu kizito cha Kiingereza juu ya Picasso, Miró na Dalí, na majumba ya makumbusho yaliyotengwa kwa ajili yao. Tunu alikisoma na kamusi mkononi, neno kwa neno, mpaka karatasi zikaanza kuachia uzi. Mwaka uliofuata baba yake aliugua, shule ikaishia hapo, akashika brashi. Kitabu hakukiacha. Alijua kwamba jumba la Picasso liko katika kichochoro chembamba cha Barcelona ya kale, limeunganishwa kutoka majumba kadhaa ya matajiri wa zamani. Alijua kwamba la Miró ni jeupe, liko mlimani juu ya mji huohuo. Alijua kwamba la Dalí liko Figueres, lilikuwa ukumbi wa maigizo ulioungua vitani, na juu ya paa lake yamesimama mayai makubwa. Akipanda ngazi kuandika BUCHA, mara nyingine alikuwa anapanda ngazi za huko.

Halafu aliyekwenda ni Esteri.

Esteri, au Mama Ange, ni mkulima wa Busunzu, binti wa Manirambona, mmoja wa wale waliokuja kutoka Burundi zamani wakapewa uraia. Msimu wa mvua ukiisha, watu humwita awasiribie nyumba. Hukanda udongo kwa miguu, huupaka kwa viganja, kisha huchora juu yake kwa masizi, udongo mwekundu na ule mweupe unaoitwa ingwa, mistari inayokatizana na kupandana kama vilima vya kwao. Yeye na Tunu ni marafiki tangu siku walipogombea ukuta mmoja, Tunu akitaka kuandika DUKA na Esteri akitaka kuchora. Mwenye duka aliwagawia nusu kwa nusu.

Mwaka jana dada mmoja wa shirika fulani alipita Busunzu, akaipiga picha nyumba ya Esteri. Baadaye ikaja fomu ya Kiingereza: wanawake wanaochora nyumba, kutoka nchi mbalimbali, wataalikwa Hispania kwa siku kumi. Esteri aliileta kwa Tunu.

"Hapa wanauliza kwa nini unataka kuyaona makumbusho hayo," Tunu alisema.

"Andika nataka kuona nyumba za watu."

Tunu aliinamia meza, akaandika ukurasa mzima. Aliandika kuhusu kichochoro, kuhusu jumba jeupe, kuhusu mtu anayekijua chumba asichowahi kukikanyaga. Yote yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya Esteri. Barua ya kukubaliwa ilipokuja, ilisema kwamba maelezo yale yamewagusa sana. Tunu ndiye aliyemsomea mwenzake barua hiyo, akamtafsiria mpaka mwisho bila kuruka neno.

Esteri alirudi mwezi wa sita. Siku ya pili alishuka mjini na ndizi kichwani, akachuchumaa mlangoni mwa Tunu, akapiga makofi ya polepole kama wanavyosalimiana watu wa huku.

"Da Tunu, nimefika huko kwako."

Kwako. Ndivyo alivyokuwa akiiita Hispania tangu siku ya fomu.

"Karibu, Mama Ange. Pole na safari. Nionyeshe basi."

Simu ilikuwa na picha zaidi ya mia nne. Tunu alizitazama huku meno ameyabana. Alizitambua nyingi kabla hazijafunguka vizuri.

"Yule mama wa kitandani ulimwona?" aliuliza. "Mgonjwa. Daktari amemshika mkono, na sista amebeba mtoto."

"Ah, huyo! Nilikaa naye sana. Nikasema huyu ni kifua, hamalizi wiki."

"Ulikuwa mbali naye kiasi gani?"

"Kama mimi na wewe hapa."

Katika kitabu cha Tunu picha hiyo ilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Kwa miaka ishirini alikuwa akiisogeza dirishani ili aone vizuri vidole vya mgonjwa.

"Na watu wa mle ndani, walikupokeaje?"

Esteri akaanza kucheka peke yake. "Ngoja nikuambie. Kila chumba kuna mtu kakaa kwenye kiti pembeni. Sasa utaingiaje chumbani kwa mtu, uanze kukodolea vitu vyake, hujamsalimia? Nikachuchumaa, nikapiga makofi. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Dada wa shirika ananivuta, Esteri, hao ni walinzi tu, tutachelewa! Nikamwambia, kwani mlinzi hasalimiwi? Wengine walinitazama kama nimeanguka kifafa. Lakini bibi mmoja mwenye mvi aliinuka kwenye kiti, akapiga makofi na yeye. Akanishika mkono, akanipitisha picha moja moja, anaongea, anaongea. Sikuelewa hata neno."

"Akakushika mkono?"

"Chumba kizima."

Tunu alicheka pia. Alijijua. Angekwenda yeye, angepita vyumba vyote kimyakimya, mkoba kifuani, akiwaogopa watu wa kwenye viti. Angeyajua majina yote, na hakuna mtu ambaye angemshika mkono.

"Ila nikuulize, Fundi," Esteri alisema akishusha sauti. "Huyu Picasso ni wangapi?"

"Wangapi vipi?"

"Maana chumba hiki mkono wa mtu aliyetulia, kile wa mtu mwenye haraka, kingine kama wa mtoto. Nikadhani ni jina la ukoo."

"Ni mmoja, Mama Ange."

"Basi alihangaika."

Hata hilo lilimuudhi Tunu, kwa sababu kitabu kilitumia kurasa arobaini kulisema.

"Na kule kwa Dalí, ulijua kwamba kaburi lake limo humohumo, chini ya sakafu?" aliuliza taratibu.

Esteri alishika mdomo. "Mungu wangu! Nimemkanyaga mzee wa watu?"

"Hawakukuambia?" Tunu alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akajisikia vizuri.

Kilichomleta Esteri kilikuwa hiki: shule moja ya sekondari ya wasichana, Kasulu, ilikuwa imemwalika Jumamosi awasimulie wanafunzi. Mwalimu wa sanaa, jina lake Haidari, angeonyesha picha ukutani kwa projekta. Esteri angesema nini? Majina yalimchanganya. Alitaka Tunu amwandikie kadi, moja kwa kila picha, asome.

"Wewe ndiye unayejua," alisema. "Mimi nilipeleka macho tu."

Tunu aliandika kadi kumi na mbili Ijumaa baada ya swala ya alasiri, kwa mwandiko wake mzuri wa mabango. Saba za kwanza ziliandikwa sawasawa. Ya nane ilikuwa ya mama mgonjwa. Brashi ilisimama hewani, kisha ikaandika: *Picha hii Picasso aliichora akiwa na miaka themanini.* Alikuwa na miaka kumi na tano. Tunu aliitazama kadi mpaka ikakauka. Kisha akampa Miró ule ukuta mwekundu wa Dalí uliobandikwa mikate, akampa Dalí jumba jeupe la mlimani, na lile zulia kubwa la ukutani, ambalo ni la Miró, akaliandika la Picasso. Kadi nne.

Alijua alichokuwa anafanya. Mwalimu Haidari angelijua kosa, angeuliza, na Esteri angesimama mdomo wazi mbele ya wasichana mia mbili. Wote wangeona kwamba aliyekwenda hakuwa aliyestahili. Alizifunga kadi kwa uzi, akampa Esteri asubuhi stendi walipokuwa wakipanda gari la Kasulu pamoja, na Esteri akamshukuru mara tatu.

Ukumbini Tunu alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Esteri alivaa kitenge kipya. Alianza na habari ya kuwasalimia walinzi, na alipochuchumaa jukwaani wasichana walipiga kelele za furaha hadi mwalimu akainua mikono. Kadi za kwanza alizisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Halafu mama mgonjwa akatokea ukutani, mkubwa kuliko Tunu alivyowahi kumwona.

"Picha hii Picasso aliichora akiwa na miaka themanini," Esteri alisoma.

Mwalimu Haidari alikunja uso. "Samahani, mama. Hiyo si alichora akiwa kijana mdogo? Kumi na tano?"

Wasichana wa mbele walianza kunong'ona. Mmoja akacheka. Esteri aliitazama kadi, akamtazama mwalimu, wala hakuonekana kuwa na wasiwasi.

"Hapana, mwalimu. Hii kaandika Fundi Tunu, na Fundi Tunu hakosei." Akanyoosha shingo kuelekea nyuma. "Da Tunu! Hebu simama uwaambie."

Vichwa mia mbili viligeuka.

Tunu alikuwa amejiandaa kuona aibu ya Esteri. Kwa hili hakujiandaa. Kitu pekee alichokuwa nacho duniani kuhusu habari hii kilikuwa ni kujua. Akikaa kimya, Esteri ataendelea kumtetea, na kuna kadi nyingine tatu mkononi mwake. Kila moja itamzamisha Tunu zaidi. Akisema, atakuwa mtu aliyesoma kitabu kimoja miaka ishirini akakisoma vibaya.

Alisimama.

"Mwalimu yuko sahihi," alisema. "Nimekosea mimi."

"Wewe?" Esteri aliuliza, sauti ikiwa ndogo.

"Mimi. Na nyingine pia." Akatembea katikati ya mabenchi mpaka mbele, akazichukua kadi mkononi mwa rafiki yake, akazitia mfukoni. Esteri akarudi nyuma hatua moja, akakaa kwenye kiti cha mgeni.

Tunu hakuwahi kusema mbele ya watu. Alimtazama yule mama wa kitandani badala ya wasichana, akaanza na vidole: kwamba zamani watu waliucheka mkono ule, wakasema daktari anapima mapigo ya glavu, si ya mkono wa mtu. Kisha akaeleza ukuta wa mikate, na zulia, na mlima. Alizungumza nusu saa bila kupumzika. Mwalimu Haidari aliacha kuandika, akasikiliza. Katikati ya maneno, Tunu alimwona Esteri kwa pembe ya jicho, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyealikwa arusi ambayo hamjui bwana wala bibi, na akafurahi kumwona amekaa hivyo. Alijionea aibu, lakini alifurahi.

Msichana mmoja, Winnie, alinyoosha mkono. "Dada, wewe ulikwenda mwaka gani?"

"Sijakwenda."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Katika gari la kurudi walikaa kiti kimoja. Walipopita vilima viwili vitatu, Esteri aliuliza akitazama dirishani.

"Zilikuwa ngapi?"

"Nne."

"Ulipitiwa?"

Tunu alitaka kusema ndiyo. "Hapana. Nilifanya kwa makusudi."

Esteri aligeuka kutoka dirishani. "Wivu?"

"Wivu."

"Si ungeniambia tu! Ningekutukana, tukala." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, kwa hasira. "Mimi nilisimama mle makumbushoni kila mtu ana vitu masikioni vinamweleza. Nikawa natamani kichwa chako. Leo umenikalisha kitini kwenye safari yangu mwenyewe, na maneno yako matamu. Unadhani hilo halikuniuma?"

Kwenye njia panda ya Busunzu, Esteri alishuka, akaegemea dirisha.

"Jumatatu uje kwangu. Vaa nguo za kazi."

Jumatatu Tunu alikuta shimo la udongo limemwagiwa maji, na jiko la nyuma lina kuta mbili zilizopasuka. Esteri alimwonyesha kwa kidevu. Tunu akavua viatu, akaingia, akakanyaga udongo mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akaanza kupaka. Esteri alikaa kwenye kigoda akimenya mihogo, na Immakulata, jirani yake, akaja kushangaa.

"Fundi wa mjini anapaka kama anambembeleza mtoto!"

"Mwache," Esteri alisema. "Anajifunza kukaa karibu na kitu."

Ukuta wa kwanza uliisha mchana, umejaa mabonde. Tunu alisimama, tope hadi kwenye viwiko.

"Mama Ange, nikuulize kitu ambacho hakimo kitabuni?"

"Uliza."

"Mle ndani kwa Picasso kunanukaje?"

Esteri alisitisha kisu. Akafikiri sawasawa, akafumba macho, na uso wake ukaondoka pale jikoni, ukaenda mahali ambapo Tunu hakuweza kuufuata.

"Kunanuka mawe yaliyolowa," alisema hatimaye. "Na nta ya sakafu. Na chumba kimoja kinanuka kitu kingine, kizuri, lakini hicho nitakuambia ukimaliza ukuta wa pili."

Tunu alichota tonge la udongo kwa mikono miwili, akalipigiza ukutani kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.