Mwenye Cheti Alisimama

Kiwandani tulimwita Mama Pasi kwa sababu kila shati lilipita mikononi mwake kabla ya kukunjwa. Miaka kumi na minane amesimama palepale, mvuke unampiga usoni. Mimi nilikuwa meza ya pili, nashona vifungo, kwa hiyo sikuhadithiwa. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Mkufunzi wa huduma ya kwanza alipokuja, walioitwa ni wasimamizi tu. Wakapewa viti, chai na vyeti. Mama Pasi aliitwa kwa jambo moja: alale sakafuni, awe mgonjwa wa kuonyeshea. Mkufunzi alionyesha juu yake mikono inapowekwa, kisha akahamia kwenye mwanasesere wa mpira kukandamiza. Wasimamizi walichezea simu. Aliyelala chini hakuwa na la kuchezea, akasikiliza.

Miezi mitatu baadaye fundi umeme wetu, mtu wa utani mwingi, alikuwa akipita kati ya meza zetu na ngazi begani. Akasimama ghafla, akaanguka kama gunia.

Mmoja akammwagia maji. Wawili wakataka kumkalisha. Msimamizi wa zamu, ambaye cheti chake kimetundikwa ukutani ndani ya fremu, alisimama hatua tano mbali. "Asimguse mtu," akasema. "Tusubiri gari la wagonjwa."

Mama Pasi alikuja anafuta mikono kwenye gauni. Akawaondoa wale wawili, akapiga magoti, akamtikisa mabega. "Fundi, unanisikia?" Kimya. Akamwekea shavu karibu na pua, macho yakiangalia kifua.

"Si anakoroma? Yuko hai huyo," msimamizi akasema.

"Huko si kupumua, ni kutapatapa. Gari umeshaliita?"

"Kwanza nimjulishe meneja."

Mama Pasi akanigeukia mimi. "Mwanangu, piga simu ya dharura. Waambie mtu hapumui. Halafu uje tupokezane."

Akaweka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, akaanza kukandamiza huku akihesabu. Haraka, kwa uzito wake wote, kifua kikizama upana wa vidole vitatu na kuachiwa kiinuke tena. Akifika thelathini anainua kidevu cha fundi, anambana pua, anampulizia mara mbili. Nilisikia ubavu ukivunjika.

"Unamuua," msimamizi akasema.

"Aliyekufa hauawi mara mbili. Nipishe."

Tulipokezana kila baada ya dakika mbili, yeye akinielekeza na kunihesabia, hadi wahudumu walipofika na mashine ya kushtua moyo. Wakamshtua mara mbili. Mshipa wa shingo ukaanza kucheza. Mhudumu mmoja akauliza, "Nani alianza?"

"Sisi," msimamizi akajibu.

Sisi! Wiki iliyofuata ubao wa matangazo ulimpongeza yeye kwa uongozi makini. Mama Pasi alipewa barua ajieleze kwa nini aliacha kituo chake, pasi ikaunguza shati. Shati moja.

Nilimwambia, "Mama, mwenye nguvu mpishe. Omba radhi yaishe."

"Radhi ya nini? Ya mtu kuwa hai?"

Akaandika mbele yangu, kwa herufi kubwa: "Niliacha pasi kwa sababu fundi alikuwa hapumui na mwenye cheti alikuwa amesimama." Akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe.

Hawakumjibu. Fundi aliporudi baada ya mwezi, akitembea polepole huku mkewe amemshika mkono, alikwenda moja kwa moja kwa meneja akamwambia, sisi sote tukisikia, ni nani aliyemrudisha duniani. Kesho yake lile tangazo lilikuwa limebanduliwa. Hakuna aliyeomba msamaha, na ile barua ya kumtaka ajieleze bado imo kwenye faili la Mama Pasi.

Yeye hakuwangoja. Kila mapumziko ya mchana anatujazia magunia vipande vya nguo, anatupigisha magoti, wanawake kumi na wanne, anatuhesabia. Ukilegeza viwiko anakuchapa kofi la begani. Juzi msimamizi alisimama mlangoni akitutazama.

"Ingia, bwana," Mama Pasi akamwambia. "Magoti yako nayo yanakunjika."

Hakuingia.