Nilifunika Jicho la Mutoto Kusudi Bageni Basilione

Mujinga ni miye. Musitafute mulozi! Miye niliyesoma kwa masoeur ba misioni, bale batawa, ninayeandika Kifaransa bila kosa, ndiye niliyeharibu jicho la mutoto wangu.

Alizaliwa na jicho la kushoto limevimba, linatoka usaha. Ku lopitali balinipa dawa, balilifunika na kitambaa: "Siku kidogo tu, kisha ufungue." Usaha uliisha. Lakini ukope ulibaki mwekundu, mubaya.

Na bwana yangu alikuwa anaomba karte ya ba-évolué, ile Bazungu banapatia mutu mweusi aliyestaarabika sawa bao! Bazungu ba komisyon balipaswa kuja kuchungulia nyumba yetu: choo, mashuka, kama tunakula na fourchette ao na vidole. Nibaonyeshe jicho la vile? Nikarudisha kitambaa. Cheupe, kimepigwa pasi, nikakishonea na dentelle, urembo wa uzi, pembeni. Eh, ustaarabu!

Komisyon ikasema mwezi ujao. Tena mwezi ujao. Kitambaa kikakaa.

Jirani yangu, mama Kabedi, alinichekelea juu ya lupango, ule ua kati yetu: "Weye dada, hata sufuria ya majani ya sombe tunafunuaka, tuone kama inaiva!"

"Kwangu iko usafi, mama. Pangusa kwanza kamasi ya batoto bako."

Kinywa changu hiki!

Siku moja balikuja. Muzungu wa miwani akagusa dentelle: "Très propre, madame." Safi sana! Nikavimba kama mukate.

Balipotoka, nikafungua. Jicho safi kabisa! Kisha nikafunika lile la kuume, nijaribu kama hili la kushoto linaona. Mutoto akalia, akanitafuta na mikono, na miye niko mbele yake.

Munganga wa lopitali hakunihurumia. "Mama, unazania jicho linazaliwa limekwisha? Hata kitoto cha paka hapana. Nyuma ndani kule, mishipa midogo inaendelea kukomaa kisha kuzaliwa, na mwanga ndio unaifundisha kazi. Weye uliifungia mu giza."

"Na sasa?"

"Funika lile zima kidogo kila siku, hili lijifunze. Siahidi kitu."

Bwana yangu alipata karte. Anaweza kunywa divai sawa muzungu, ile beusi bengine banakatazwa. Afya!

Mama wenzangu, dawa ikiisha, fungueni! Jicho baya linaloona lipite mbele ya governeri mwenyewe, akitaka ageuze uso. Mutoto anaendelea kuumbwa mikononi mwenu, musimalize kazi ya Mungu na pasi.

Mutoto wangu, kila ninapomufunika lile zima, ananipiga usoni. Ninamuachia apige.