Karakana iko kwenye shamba la ukoo wangu, kazi kapewa mpwa wa mume wangu

Jina langu lifichwe, maana huku milimani Uluguru kila aliyevunjikiwa kioo anamjua mume wangu. Nina miaka thelathini na minne, watoto wanne. Wakubwa shikamooni. Wadogo nisikilizeni tu, na nyinyi mtaolewa.

Siku moja mume wangu alirudi kutoka mjini ana furaha. Tajiri mmoja wa Kihindi mwenye duka la vioo alikuwa anatafuta watu wa kumfungulia matawi. Yeye anatoa vioo, mafunzo na jina la duka, wewe unatoa karakana na vifaa, mapato mnagawana. Sisi tungeshika misheni na shule za huku juu, pamoja na nyumba za walimu kule Mzumbe. "Mama watoto, hii ni ya wanetu," akaniambia. Nikauza cherehani yangu tukanunua vifaa. Mjomba wangu akanipa kipande cha shamba la migomba la ukoo wetu, kando ya barabara, tukajenga karakana.

Nimekata vioo, jamani. Nimekwangua puti kuukuu, ile ya kushikizia vioo, kwenye madirisha ya misheni mpaka kucha zikaisha, tena nina mimba. Mapadri walikuwa wakiniulizia mimi, yule mama ambaye kioo chake hakipitishi mvua. Mwenyekiti wa kijiji aliposema mkutanoni kwamba mabepari hawatakiwi, mume wangu akaniomba nisionekane mjini, aende yeye peke yake, watu wasije wakasema familia nzima inanyonya. Nikamwona ana akili.

Sasa sisi Waluguru mnatujua. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Hayo nayajua tangu utotoni, ila nilidhani tulichokitafuta wawili ni chetu wawili. Kumbe nilikuwa najidanganya. Mwezi uliopita, baada ya misa, aliwaita ndugu zake akatangaza kwamba tawi anamkabidhi mpwa wake, mtu mzima na ndevu zake ambaye hajawahi kushika kioo zaidi ya kile cha kujitazamia. Nikauliza, "Na hawa niliokuzalia?" Akajibu bila haya, "Hao ni wa kwenu. Wana mjomba wao."

Nikashuka mjini kwa yule tajiri. Alinipa kiti, akanisikiliza, akashangaa. "Mama, miaka yote mumeo ananiambia mwanamke wa pale karakanani ni kibarua wa kuosha vioo." Nililia palepale dukani, wateja wananitazama. La mpwa liliniuma, lakini hilo la kibarua ndilo lililonimaliza.

Mjomba wangu amekasirika. Anasema ardhi ni yetu, niseme neno tu karakana ing'olewe. Mume wangu naye anasema karakana ikiondoka, na yeye anaondoka. Na mimi, mnicheke mkitaka, bado nampenda.

Juzi kioo cha chumba cha watoto kimepasuka, mvua inaingia mpaka kitandani. Vifaa vyote mpwa amevifungia. Nikamwambia mume wangu. Akasema nivumilie, mpwa wake ana kazi nyingi, kama nina haraka nikapange foleni na wateja wengine.

Mjomba anakuja Jumapili kuchukua jibu. Wenzangu, mngekuwa nyinyi, mngemjibu nini?