Mpishi Aliyelia Uvira

Bwana Fong aliletwa kwenye nyumba ya wazee ya Blacktown, Sydney, na sanduku moja, miwani ya kusomea asiyoitumia tena, na sura ambayo Faida, mhudumu wa pale, aliitambua kabla hajaambiwa jina. Faida alisimama mlangoni na beseni la maji, akamtazama. Mashavu ya kujaa, nyusi moja juu, nyingine chini. Jamani, huyu si Mzee Bukari?

Muulize yeyote aliyekulia Uvira miaka ile. Filamu za Hong Kong zilifika kule Kichina kitupu, na hakuna aliyejua hata neno. Ndiyo maana kila banda la video lilikuwa na mtafsiri wake, anakaa kando ya televisheni na maikrofoni, anawasemea waigizaji kwa Kiswahili. Mtafsiri mwenyewe Kichina hajui, msidanganyike. Anatazama midomo inavyokwenda, anatunga. Kwenye banda la sokoni mtafsiri alikuwa Wilondja, kaka yake Faida, na yule mpishi mnene anayepigwa sufuria za kichwa kila filamu alibatizwa naye jina la Mzee Bukari, yaani Mzee Ugali, kwa kuwa hakosi chakula mkononi. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya hao wawili. Mashujaa wa kurukaruka walikuwa wa kujazia tu.

Basi huyo ndiye ambaye Faida alimwogesha na kumlisha kwa miaka miwili. Alipomsimulia Wilondja, aliyebaki Uvira, kwenye simu, kaka mtu alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba kitu kimoja: amwone Mzee Bukari kwa video, hata dakika moja. Pale kazini wazee hawapigwi picha bila ruhusa ya familia. Faida aliahidi kumwomba binti wa mzee. Kila wiki alisema wiki ijayo.

Mwezi wa pili Wilondja aliugua siku tatu, akafa. Habari ilimkuta Faida kwenye ukumbi wa chakula, saa mbili kasoro asubuhi, wazee kumi na mmoja wakisubiri uji. Akausoma ujumbe, akarudisha simu mfukoni, akagawa uji. Halafu akaenda kubadilisha shuka. Jioni alimwambia mumewe, Dieudonné, kwa sauti ya mtu anayesema maziwa yameisha.

Tangu siku hiyo hakulia. Si kwamba alijikaza. Hakukuwa na cha kujikazia, moyo ulikuwa umekufa ganzi. Matangani akina mama wa kanisa waliangua vilio, yeye akawa anaangalia nani hajapata chai. Maneno yakaanza, kama kawaida yetu: Australia imemkausha, amemsahau ndugu yake. Aliyasikia yote, na hayo nayo hayakumuuma.

Sasa matanga yalikuwa yanamalizwa Jumamosi. Ndugu pekee wa Wilondja aliyekuwa Sydney ni yeye, kwa hiyo yeye ndiye wa kusimama mbele ya watu amzungumzie marehemu. Alikuwa ameandika kwenye karatasi kwamba kaka yake alikuwa mtu mzuri, na kalamu ikagoma hapo. Alijua atasimama na macho makavu, na watu wote watayaona.

Alhamisi Kelly, binti wa Bwana Fong, alikuja kumtazama baba yake. Faida akamwomba ile ruhusa, imechelewa na haina kazi tena, na katika kueleza kwa nini ikabidi aeleze yote. Kelly alishika kitanda. Miaka thelathini na mitano katika jiji hili, alisema, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumtambua baba yake.

Akamsimulia. Baba yake alipelekwa kwa mwalimu wa maigizo akiwa na miaka tisa, na kwa sababu ya ule uso akapewa kazi ya mchekeshaji, akipakwa doa jeupe puani. Alicheza filamu sitini na kitu, mpishi, mlevi, mpishi tena. Kwenye mabango sura yake ilikuwa pembeni, chini. Maisha yake yote alitamani jambo moja, kulia mbele ya kamera watu walie naye. Wakampa mara moja tu. Siku ya kwanza sinemani aliketi nyuma kabisa, na ukumbi mzima ukacheka mara tu uso wake ulipotokea. Mwaka uleule aliacha kazi, akaja Sydney, akapika kweli, kwenye kibanda cha tambi hapahapa Blacktown, mpaka kiharusi kilipomnyamazisha.

Kelly akafungua simu amwonyeshe kipande hicho. Faida alikijua kwa moyo. Mzee Bukari yuko kwenye sufuria, machozi yanamtiririka, anayapangusa kwa kiwiko, anakoroga. Hapo Wilondja alikuwa akisema vitunguu vya Kigoma havina adabu, na banda zima linavunjika mbavu. Kitandani, Bwana Fong aliinua kiwiko taratibu mpaka kwenye jicho, akakishusha.

"Hapo mpishi ameambiwa sasa hivi kaka yake amekufa," Kelly alisema, "lakini wateja wamekaa, wanataka chakula."

Faida alimalizia kumlisha mzee, akamfuta kinywa, kisha akaomba atumiwe kile kipande.

Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa, hakutoa karatasi. Alimwomba Dieudonné akirushe kile kipande ukutani bila sauti, akachukua maikrofoni, akaketi kando ya picha, pale anapokaa mtafsiri. Watu wa Uvira walielewa kabla hajafungua mdomo. Akamsemea Mzee Bukari kama kaka yake alivyomsemea, kwa madoido yale yale, akatukana wateja, akasifu mchuzi wake. Kicheko kikaanza nyuma, cha kuibia, kikaja mbele. Alipofika kwenye vitunguu vya Kigoma, wazee wazima walikuwa wanapiga mapaja. Machozi ya mpishi yakawa yanatoka ukutani, na ikabaki sehemu ambayo Wilondja hakuwahi kuisemea, kwa sababu kicheko kilikuwa kikimfunika.

"Kaka yangu amekufa," Faida akamsemea mpishi. "Subirini kidogo, chakula kinakuja."

Kicheko kikakatika. Mkono mmoja ulikuwa umeshika maikrofoni, mwingine umeng'ang'ania kiti, kwa hiyo alijipangusa macho kwa kiwiko.