Vidonda Nilimwekea Mama Chebet kwa Kadi

Makosa ni yangu, usitafute mwingine. Siku hizi nikijiangalia kwa kioo nasikia kutapika, na si kwa sababu ya hii sura, hiyo nilishazoea.

Mimi hutengeneza kadi kwa kibanda yangu hapa Kaptembwo. Za harusi, za mazishi, za harambee. Shule niliachia form two, komputa nikajifunza kwa kuchungulia watu wakifanya, lakini kwa mlango nimeandika designer. Na herufi kubwa!

Mama Chebet alikuwa anauza chapati na maharagwe hapo karibu. Nyonga ikaharibika, ikafika mahali hawezi kusimama. Kanisa yao ikapanga harambee ya operesheni. Mwenyekiti akaniletea picha ya kuweka kwa kadi. Wueh! Mama amefunga kitambaa safi, mashavu imejaa, anacheka.

Nikamwambia, "Mzee, huyu anakaa kama mtu wa kutoa mchango, si wa kuchangiwa."

Akacheka, akasema nifanye vile najua.

Sasa mimi na ujuzi yangu! Nikapunguza mashavu. Macho nikaweka manjano. Nikaona bado, nikaingia mtandao nikatafuta vidonda za mtu mwingine huko, sijui hata ni wa nchi gani, nikambandikia kando ya mdomo. Halafu nikajipigia makofi. Mungu wangu, makofi!

Kadi ikatembea kwa simu za watu mpaka Kabazi, mama peke yake ndio hakuiona, simu yake haionyeshi picha. Harambee ikajaa, operesheni ikafanyika, mama akarudi anatembea vizuri. Na mimi nikawa natembea kama ni mimi nilimpasua.

Kisha mama akawasha jiko tena.

Siku ya kwanza, hakuna mtu. Ya pili, watu wa mjengo, wale alikuwa analisha kila siku, wakamsalimia vizuri sana wakaenda kula kwingine. Nikasikia mmoja akiambia mwenzake ati ile kitu ya mdomo haiponangi, inajificha tu.

Nikaona wacha niende nikule kwake, watu waone. Akaniwekea chapati mbili. Nikaweka kipande mdomoni, na hapo hapo nikaona ile picha. Vidonda zenye niliweka na mkono yangu! Nikatema kwa kiganja nikijifanya nakohoa.

Aliona. Akaniuliza polepole, "Kijana yangu, hata wewe unaniogopa?"

Ndio nikamwambia yote. Hakunipigia kelele, na heri angenipiga na mwiko. Alifunika sufuria, akasema, "Basi enda uwaambie."

Nimewaambia. Nimetuma ile picha yake ya ukweli kwa kila group, nikaeleza ni mimi niliharibu. Unajua wananijibu nini? Ati niko na roho safi, namtetea mgonjwa. Wanafikiria hii picha ya mashavu imejaa ndio nilitengeneza!

Saa hii mama ameacha chapati, anafulia watu nguo, ameinama siku mzima na hiyo nyonga.

Wewe mwenye unatengenezea watu kadi, nakuomba, uso ya mtu usiguse, hata wakikuambia ufanye vile unajua. Mimi kumchafua ilinichukua nusu saa, nikiwa nakunywa chai. Kumsafisha, mpaka leo sijui nianzie wapi.